Dawa ya Masikio

Msimu wa kuvuna pamba, kazi nyumbani kwa akina Kabula zilianza kabla jua halijachomoza. Mama yake, Elizabeth, ndiye aliyetangulia kutoka, kiroba kiunoni, kuelekea shambani. Kabula alifagia uwanja, akawatilia kuku maji, kisha akachukua kikombe cha uji na kukipeleka kwenye nyumba ndogo ya pembeni alikolala bibi yake mzaa baba.

Bibi Nyamizi hakuwa mtu wa kukutwa kitandani. Siku zote Kabula alimkuta ameshaketi juu ya turubai, anachambua pamba, iliyo safi akiiweka huku na yenye majani makavu akiiweka kule. Walisalimiana kwa Kisukuma, bibi akapokea uji, akaulizia habari za masomo. Siku hizi alikuwa akinywa maji mengi na kuchoka upesi, lakini mikono yake haikusimama.

Kabula alisoma darasa la sita katika shule ya kijiji chao, si mbali na Dutwa. Pale shuleni alisifika kwa Kiingereza. Wageni walipofika, yeye ndiye aliyesimamishwa mbele kuwakaribisha. Aliikariri hotuba neno kwa neno mpaka ikatoka mdomoni kama maji, hata pale ambapo hakujua maana ya alichokuwa akisema. Hakuwa mvivu. Kasoro yake ilikuwa moja tu: neno "sijui" halikuwahi kumtoka.

Wiki moja msimu huo kijiji kilikuwa kinawasubiri madaktari kutoka ng'ambo waliokuwa wanakuja kutibu watu bure kwa siku chache kwenye zahanati. Kabula alikuwa amepewa hotuba mpya ya kuwakaribisha, naye alikuwa akiikariri popote alipokaa, hata darasani, karatasi ikiwa imefichwa chini ya dawati.

Ndivyo ilivyokuwa siku Mwalimu Luhende alipofundisha namna ya kueleza hali ya mwili na ya moyo kwa Kiingereza. Alimsimamisha mwanafunzi mmoja, Mayige, na kumtaka aseme kuwa anasikia baridi. Mayige akafikiri kidogo, akasema, "I hear cold." Wachache waliojua kosa walicheka. Kabula hakuliona kosa lolote, lakini alipowasikia wenzake wanacheka, naye akacheka, tena kwa sauti kuliko wote.

Mwalimu aliwanyamazisha. Akawaeleza kwamba Mswahili husikia sauti, husikia baridi, husikia njaa, husikia maumivu na hata furaha, na kitenzi ni hicho hicho kimoja. Mwingereza yeye ametenganisha. Ya masikioni ni "hear". Ya mwilini na ya moyoni ni "feel". Mayige aliomba aelezwe tena, na mwalimu akarudia. Kabula, kwa upande wake, alikuwa ameshainamia karatasi yake. Aliona watu wanaouliza uliza ni wale wenye vichwa vizito.

Siku ya madaktari ilipofika, uwanja wa zahanati ulijaa watu waliotoka vijiji vyote vya jirani, wengine wamepakiwa kwenye baiskeli, wengine wamekuja kwa mikokoteni ya ng'ombe. Kabula alisoma hotuba yake bila kukwama hata mara moja. Watu walipiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele, na daktari mmoja mwenye ndevu nyeupe akaja kumpa mkono. Bibi Nyamizi, aliyekuwa amekaa kwenye benchi, aliwaambia majirani zake kwamba yule ni mjukuu wake.

Zamu ya bibi ilipofika, Kabula alimshika mkono wakaingia pamoja. Nesi aliyekuwa akitafsiri kwenye meza waliyoelekezwa alikuwa ameitwa ghafla kumsaidia mama aliyeshikwa na uchungu. Mwalimu Luhende alikuwa akitafsiri kwenye meza ya macho, chumba cha pili, mlango ukiwa wazi. Daktari mwenye ndevu alimwona Kabula, akamkumbuka, akatabasamu. Akamwuliza kama angeweza kusaidia. Kabula akaitikia kwa kichwa.

"How does she feel?" daktari aliuliza, akimtazama bibi.

Kabula hakulielewa lile neno la mwisho. Akakisia kwamba daktari anauliza bibi anaumwa nini, akamwambia hivyo bibi yake kwa Kisukuma.

Bibi Nyamizi aliuvuta mguu wake wa kulia chini ya kiti na kuufunika vizuri kwa kitenge. Alikuwa mtu mzima, na aliona haya kumwonyesha mwanamume mgeni kidonda. Akaeleza taratibu kwamba mguu ule ameacha kuusikia. Shambani alikuwa amechomwa kidoleni na kisiki cha pamba, hakusikia. Aliona damu tu kwenye kiatu jioni. Tangu hapo kidonda hakifungi, na hata akikibonyeza hasikii kitu.

Kabula aliyakusanya maneno yote yale, akatafuta kichwani Kiingereza chake. Hakujua kisiki kinaitwaje. Hakujua kidonda kinaitwaje, na hata neno la mguu lilimpotea. Lakini neno kusikia alikuwa na uhakika nalo.

"My grandmother," alisema, "she does not hear."

Daktari akatikisa kichwa kwa huruma. Akachukua kifaa chenye taa, akasogeza kiti, akamchungulia bibi sikio la kushoto, kisha la kulia.

Hapo ndipo Kabula alipojua kwamba amekosea. Sauti ya Mwalimu Luhende ilisikika wazi kutoka chumba cha pili. Kuinuka na kumwita kungetosha. Lakini mlangoni walikuwa wamesimama watu wale wale waliompigia makofi, na Mayige alikuwa miongoni mwao, akimwongoza babu yake. Kabula alibaki ameketi.

"Mbona ananitazama masikioni?" bibi aliuliza.

"Ndivyo wanavyoanza, bibi," Kabula alijibu.

Daktari aliuliza jambo jingine, na lile neno asilolijua lilikuwamo tena. Kabula akajibu, "Yes." Daktari akaandika, akatoa kichupa kidogo cha dawa ya matone, akaonyesha kwa vidole kwamba itiwe masikioni asubuhi na jioni. Bibi akashukuru kwa mikono miwili.

Wakiwa njiani kurudi nyumbani, bibi alikigeuza geuza kile kichupa. Akauliza imekuwaje mguu ukatibiwa kwa dawa ya masikio. Kabula akasema kwamba daktari ameeleza kuwa dawa ile ikitiwa masikioni hushuka kwenye mishipa mpaka miguuni. Aliyasema yote hayo kwa Kisukuma kizuri, bila kukwama.

"Wazungu wana maarifa," bibi alisema, akakifunga kichupa kwenye ncha ya kitenge.

Kuanzia siku hiyo, kila asubuhi na kila jioni, Bibi Nyamizi aliinamisha kichwa, na Kabula akamdondoshea dawa. Bibi alitulia vile, kichwa kikiwa upande, akiisubiri dawa ishuke. Mwanzoni Kabula alijifariji kwamba kidonda kitapona chenyewe. Baadaye mara mbili alimfuata mama yake shambani akiwa amekusudia kumweleza, na mara zote mbili akaishia kuchuma pamba kimya kimya.

Kidonda kiliendelea kuchimbika. Kikaanza kutoa harufu. Elizabeth alimsihi mama mkwe wake waende zahanati, lakini bibi alikataa. Alisema ameshaonwa na daktari wa kutoka mbali, ana dawa yake, na si heshima kuiacha kabla haijaisha. Elizabeth alimgeukia Kabula na kumwuliza kama kweli daktari alikiona kile kidonda.

"Alikiona, mama," Kabula alisema.

Asubuhi moja Kabula alipeleka uji na kukuta turubai halina mtu. Bibi alikuwa kitandani, mwili unawaka moto, anaongea maneno yasiyoeleweka. Kabula alikimbia mpaka shambani. Elizabeth aliacha kila kitu, wakatafuta pikipiki ya magurudumu matatu, wakamlaza bibi nyuma, wakaenda naye Bariadi mjini.

Hospitalini walipokelewa na daktari mmoja aliyeitwa Anatoli, mtu wa maneno machache. Alifungua kitambaa, akautazama mguu kwa muda, akaagiza damu ipimwe. Majibu yalipotoka akamweleza Elizabeth kwamba bibi ana kisukari, na inaelekea anacho tangu zamani. Kisukari ndicho kilichoua hisia za mguu, na kidonda kimeoza mpaka ndani. Akauliza ni dawa gani mgonjwa amekuwa akitumia. Elizabeth alifungua ncha ya kitenge cha bibi, akampa kile kichupa.

Daktari Anatoli alisoma maandishi, akakunja uso. "Hii ni dawa ya masikio," alisema. "Nani aliwaambia mtibu mguu kwa dawa hii?"

Elizabeth alimtazama binti yake. Safari hii Kabula hakuwa na pa kujificha. Akaeleza yote: neno asilolijua, sikio lililochunguliwa, mwalimu aliyekuwa chumba cha pili, uongo wa njiani, na ule wa nyumbani. Alipomaliza, mama yake hakumpiga wala hakumkaripia. Alikaa kwenye benchi, akajifunika uso kwa kanga.

Bibi Nyamizi alikatwa mguu chini kidogo ya goti. Daktari Anatoli alisema kama angeletwa mapema, pengine kidole kimoja tu ndicho kingepotea, pengine hata hicho kingepona. Elizabeth alimwuliza kama ana hakika. Akajibu kwamba hakika hana, lakini nafasi ilikuwapo.

Mwalimu Luhende alikuja kumwona mgonjwa siku ya Jumamosi. Nje ya wodi, Kabula alimweleza alichokifanya, akiwa ametazama chini. Mwalimu akasema naye ana lake la kujutia, kwa kuwa miaka yote amemsimamisha mbele ya watu kusoma maneno aliyojua wazi kuwa hayaelewi, kwa sababu yalipendeza shule. Halafu akaongeza kwamba hilo haliondoi la Kabula. Mlango ulikuwa wazi, na angeitwa angekuja.

Bibi aliporudi nyumbani, alirudi na magongo mawili na dawa za kisukari za kunywa maisha yake yote. Elizabeth alikuwa amekwisha kumwambia kila kitu. Wiki ile ya kwanza bibi hakuzungumza na Kabula. Alipokea uji, akanywa, akarudisha kikombe. Hilo lilimuuma Kabula kuliko fimbo.

Jioni moja Kabula alikuwa akimfunga kitambaa kwenye kisigino cha mguu uliobaki, ambacho kilikuwa na ufa, maana daktari alikuwa ameagiza uangaliwe kila siku. Machozi yalimdondoka. Akaomba radhi. Akasema Kiingereza ndicho kilichomponza.

"Kiingereza ningekusamehe siku ile ile," Bibi Nyamizi alisema. "Hata mimi sikijui, na sijawahi kuona aibu kwa hilo. Ulikosea neno moja mbele ya mgeni. Mtoto yeyote angekosea." Akausogeza mguu wake ukae vizuri. "Lakini njiani tulikuwa wawili, mimi na wewe. Hapakuwa na mzungu. Ulinidanganya kwa lugha niliyokufundisha mimi mwenyewe, nami nikakuamini kwa sababu ni wewe."

"Nakupenda, na nitaendelea kukupenda," bibi aliendelea. "Lakini mguu hauoti tena, nami sitakwambia kwamba si kitu, maana ni kitu. Ukiwa hujui, sema hujui. Ukikosea, sema umekosea, hapo hapo, kabla kosa halijapata nafasi ya kuoza. Watu watakucheka, kisha watasahau, wataenda kula chakula chao. Uongo uliouficha hauendi popote. Kila siku unadai uongo mwingine wa kuufunika, na anayeumia ni yule aliyekuamini."

Kisha akachukua pakiti ya vidonge vipya alivyopewa zahanati siku ile, akamnyooshea mjukuu wake. Vilikuwa tofauti kidogo na vile vya mwanzo, na maelezo yake yalikuwa ya Kiingereza matupu.

"Wanasema ninywe namna gani?"

Kabula aliipokea, akasoma polepole. Alielewa mara ngapi kwa siku. Maneno yaliyofuata hakuyaelewa. Yangeweza kuwa kabla ya kula, na yangeweza kuwa baada ya kula.

"Hapa sijui, bibi," alisema.

"Basi kamwulize nesi," Bibi Nyamizi akasema. "Nami sitakunywa mpaka urudi."

Kabula alivaa kandambili, akaishika pakiti, akatoka kuelekea zahanati kabla haijafungwa.