Giaboksi Iliondoka Nikiwa Ndani ya Eda

Mimi ni bibi wa miaka sabini na tatu, wa Mtawanya, Kibiti. Shule niliishia darasa la pili, lakini jina la mtu halinipotei. Naandika haya roho inauma...

Mume wangu, Mzee Mbwana, aliacha gari la zamani la Kimarekani. Milango miwili, pua ndefu, usukani kushoto. Alipewa na tajiri wake wa mbao alipofunga biashara. Kabla ya kukata roho aliusia mbele yangu na mwanetu Athumani: gari liuzwe, mtu akamhijie Makka, maana yeye hakujaaliwa.

Thamani ya gari lile, alikuwa akisema, ni giaboksi. Otomatiki ya kazi nzito, ya kufungwa hata kwenye malori. Mie ufundi sijui! Lakini kila akibadili oili aliniletea sampo, ile sufuria ya chini ya giaboksi, niisugue kwa makumbi na majivu. Umbo lake nalijua kwa viganja: upande umetuna, upande umebonyea, kama mtu aliyejishika kiuno.

Basi nikakaa eda, ndani. Siku moja nasikia spana zinagonga uani. Nikauliza dirishani.

"Tunatoa kutu tu, mama, pumzika," akajibu Athumani.

Kutu gani ya kutaka jeki na wanaume wanne, niliowaona miguu tu chini ya pazia? Nikarudi mkekani... Moyo haukurudi!

Nilipotoka eda akaja mnunuzi kutoka Dar, Bwana Karimu. Akalala chini ya gari, akainuka anajipangusa. Akasema giaboksi ile si ya gari lile, ni ya gari jepesi, hachukui. Nikapiga magoti, nikaingiza mkono. Sampo ya mraba, kona moja imekatwa! Hiyo sijapata kuiosha, wallahi.

Nani kaiba? Athumani akasema siku ile, baada ya kunijibu, alitoka akamwachia gari Fundi Jumanne, jirani yetu, na wenzake. Kijiji kikamgeuka Jumanne. Nami nikamshuku, nikamshuku na mkewe Tatu, hata kuku wao wakipita nawakodolea macho! Nikatangaza: Mwalimu Seif wa madrasa asome halbadiri, mwizi alaaniwe, avimbe tumbo, adhurike yeye na kizazi chake.

Jumanne akaja mwenyewe, mbele za watu.

"Bi Mwajuma, soma! Ubani nanunua mie. Nimeazimisha jeki tu, gari sijaligusa. Nikivimba tumbo, nizikeni na jeki yangu!"

Watu wakacheka. Athumani hakucheka. Jasho lilimtiririka.

"Mama, usisome. Nakuomba... nina watoto wadogo."

Jamani! Kama mwizi ni Jumanne, watoto wa Athumani wanaogopa nini?

Nikamtazama. Akaanguka miguuni pangu. Aliiuza yeye, kwa watu wa mjini, akafungisha nyingine kuukuu ili tusigundue. Fedha zote zimeishia kwenye kamari ya mpira. Hija ya baba yake... kamari!

Halbadiri haikusomwa. Nani atamlaani mtoto aliyemzaa? Jumanne nilimwomba radhi. Gari lipo uani, hakuna anayelitaka.

Wasomaji wangu, wanawake wenzangu, nawasihi! Mkikaa eda, mali ya marehemu isiguswe bila mashahidi, hata anayeomba funguo akiwa wa tumbo lako. Na ninyi vijana, wasia wa mzazi si kitu cha kuchezea.

Kila Ijumaa Athumani huja kuniomba radhi. Yangu nimeshampa. Ya baba yake ataipata wapi?