Mwanamke wa Skrini ya Kulia

Skrini mpya ilipounganishwa, kompyuta ilizihesabu zote mbili. Ya kushoto iliiandika moja, na ya kulia ikaiandika tatu.

"Namba mbili iko wapi?" Mkasi aliuliza.

Jina hilo alipewa mtaani kwa sababu kazi yake ilikuwa kukata na kuunga video za harusi. Mumewe ndiye aliyezipiga. Studio yao ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba waliyoishi, na saa hiyo mume alikuwa amejikunja chini ya meza akibana nyaya.

"Zima, uwashe tena," alijibu huko huko chini. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila tatizo la dunia.

Mkasi akazima, akawasha. Moja na tatu. Skrini ya kulia, mpya kwao tu, ilikuwa ya mtumba lakini picha zake zilikuwa safi, naye hakuwa mtu wa kugombana na mashine. Akaiacha hivyo. Ila kila alipokisukuma kishale cha kipanya kutoka kushoto kwenda kulia, hakikuvuka moja kwa moja. Kilizama ukingoni, kikakaa huko kilikokaa, ndipo kikachomoza upande wa pili, kama mtu aliyepitia kwa jirani kwanza.

Mwanamke alianza kuonekana tangu kazi ya kwanza. Kushoto Mkasi alipanga vipande, vidogo kama stempu. Kulia aliitazama picha ikiwa kubwa. Huko kulia, safu ya nyuma kabisa ya ukumbi, alikaa mwanamke wa umri kama wake, gauni la kijani, mikono magotini. Wageni wote walikuwa wakimtazama bibi harusi. Yeye alitazama kamera, tena kwa tabasamu la mtu anayekujua.

"Huyu nani?" Mkasi alimuuliza mumewe.

"Mgeni wa watu. Nitawajua wote?"

"Mbona anakutazama wewe?"

"Watu wakiona kamera hutazama, mke wangu. Kata, mteja anasubiri."

Mkasi akakata, lakini moyoni lilibaki. Harusi iliyofuata ilikuwa ya ukoo mwingine na ukumbi mwingine, na yule wa kijani alikuwepo, safu ya katikati. Sasa hapo nani angetulia? Alianza kunusa mashati ya mumewe. Chumba chenyewe kilikuwa kimeanza kunukia marashi mazito ya waridi, na chini ya marashi hayo harufu ya waya ulioungua, naye akaapa kwamba yametoka kwenye kola za mume. Mume akichelewa, anamhoji. Akiwahi, anamhoji zaidi.

Harusi ya baadaye mwanamke alikaa mbele kabisa. Mkasi akalipuka.

"Sasa unakwenda naye mpaka kazini!"

"Haki ya Mungu, pale hapakuwa na mtu! Mbele yangu ilikuwa meza ya keki."

"Na hili jicho langu ni la kuazima?"

Mume alitazama skrini, akajifuta uso, akasema hamjui. Kisha akachukua begi lake. "Nakwenda kwa mama. Ukipoa, nipigie."

Alipoondoka, Mkasi aliona uchungu ambao hakuutarajia. Alimpenda mtu yule. Alikaa kumalizia kazi, akataka amwondoe mwanamke huyo kwenye filamu ya watu, akaikuza picha upande wa kushoto, na kushoto palikuwa na meza ya keki, keki na kisu na maua, hakuna mtu, akageuka kulia na mwanamke alikuwa hapo hapo, uso umejaa skrini nzima sasa, video imesimamishwa, alama ya kusimama inaonekana wazi kabisa pembeni, na hata hivyo yule mwanamke, taratibu, bila haraka yoyote, akapepesa macho.

Mkasi alitoka mbio bila viatu.

Aliyerudi naye ni mama mmoja wa mtaa wa nyuma, mtoa majini, waliyemwita Tabibu. Alisimama kando ya meza, hakuikaribia skrini.

"Unasema anamtazama mumeo?" alinong'ona.

"Si yeye ndiye aliyeshika kamera?"

"Mwanangu, hii ni kazi yako au yangu? Mtu akitazama kamera, kwenye video anaonekana anamtazama nani?"

Mkasi aliigeukia tena skrini. Miaka yote hiyo ya kukata nyuso za watu! Anayetazama kamera humtazama anayeitazama video.

"Mumeo alikuwa wa kufukuzwa tu," Tabibu alisema. "Huyu jini alikuwa anakusoma wewe."

Alisoma dua, akanyunyiza maji, Mkasi akizikinga mashine kwa kanga hata katika hofu ile, kisha Tabibu akachomoa waya wa skrini na kuuchomeka tena. Skrini ziliwaka. Kulia palikuwa na meza ya keki, na harufu ilikuwa imekwisha.

"Ametoka," Tabibu alisema.

"Amekwenda wapi?"

"Hilo huwa hawaagi."

Mkasi alilia kwa nafuu na kwa aibu. Alimpigia mumewe pale pale.

"Mume wangu, nisamehe. Nilikukosea. Rudi nyumbani."

Mume akajibu kwa ukali, "Wewe nani?"

"Mimi, mkeo."

"Acha mchezo. Simu ya mke wangu umeitoa wapi? Yeye yuko hapa. Amefika sasa hivi, ameniomba radhi mbele ya mama, wako jikoni wanacheka."

Mkasi alitaka kupiga kelele, sauti isitoke. Ndipo akaisikia simuni, sauti yake mwenyewe, ile laini aliyokuwa hajaitumia kwa mumewe kwa muda mrefu:

"Nani huyo, mume wangu?"

"Mwizi wa simu," mume alimjibu, akakata.