Ufa Uliofutwa Kanyangi

"Kunguru, mbuzi wangapi wamelala?"

"Kumi na moja."

"Leo ni siku ya soko. Zima jiko kabla ya saa sita."

Simu ya makao makuu ikakatwa. Ndunge akaiwasha kwa teke pikipiki yake ya Yamaha, akauacha mji wa Kwa Vonza nyuma ndani ya vumbi jekundu.

Miaka kumi na minne alikuwa jasusi wa serikali, jina la kazi Kunguru. Bastola ya Glock kwenye mbavu. Flashi ya kompyuta ndani ya soksi.

Flashi ndiyo ilikuwa hatari.

Alipewa alfajiri na Nduta, binti aliyeitengenezea kampuni ya Dorn, tajiri wa Ulaya, picha ya kompyuta ya miamba ya Kanyangi. Zaidi ya kilomita moja chini kuna mwamba ulionyonya maji ya chumvi kama sifongo. Dorn alitaka kuusukumia hewa ya kaboni ya viwanda vya kwao Ulaya, ikae huko milele. Nduta alirudia hesabu mara mia. Karibu zote zilisema neno moja: kuna ufa, hewa itapanda, itatokea bondeni, pale sokoni.

Dorn akaufuta ufa kwenye kompyuta. Akadhani ameufuta kwenye mwamba.

Wiki iliyopita walisukuma kidogo, ya kujaribu. Hewa hiyo haina harufu, tena ni nzito, hutulia mabondeni kama maji. Mbuzi kumi na moja walilala wasiamke.

Leo wangesukuma yote. Na sokoni kulikuwa na watu mia tatu.

Saa sita kasoro dakika nane.

Ndunge alijifunga leso kichwani, akapita langoni mwa kituo cha Dorn katikati ya kina mama wa kanisa waliokuja kwenye uzinduzi. Chini ya hema kulikuwa na viti, skrini kubwa na kitufe chekundu cha kuwasha mitambo juu ya meza. Dorn alisimama kando ya kitufe, anatazama saa yake ya Rolex. Yalibaki maombi tu.

Ndunge akamsogelea Pasta Kalunde.

"Mama Pasta, ukianza kuomba usimalize. Ukisema amina, watu wa soko wanakufa."

Kalunde akamwangalia juu mpaka chini.

"Mwanangu, mimi nilishawahi kuomba mpaka jua likaingia. Enda."

Akashika maiki. "Tufumbe macho!"

Askari wanne wakavua kofia, wakainamisha vichwa. Huku hakuna anayetembea mtu akiomba.

Ndunge alitembea.

Dorn peke yake ndiye hakufumba macho. Akaiona leso ikielekea kwenye kontena la mitambo.

"Mutie!" akamnong'oneza mkuu wa askari. "Yule mwanamke! Mkamate!"

Mutie hakufungua hata jicho moja.

"Bosi, tunaomba."

"Mimi ndiye mkubwa wako!"

"Si saa hii."

Dorn akatukana kwa lugha ya kwao, akaenda mwenyewe.

Ndani ya kontena flashi ilikuwa tayari imechomekwa kwenye kompyuta. Ndunge alikuwa ameshafunga valvu kubwa na sasa anaizungushia mnyororo wa kufungia pikipiki.

Kufuli ya mnyororo ikalia.

"Fungua." Bastola ya Dorn ilikuwa na kizuia sauti. "Hawa watu wako hawajui hata kaboni ni nini."

"Mbuzi wao walijua."

Spana ikaruka kutoka mkononi mwa Ndunge. Risasi ikatoboa paa. Mfupa wa mkono wa Dorn ukalia kama kuni kavu, naye akaanguka juu ya nyaya akilia. Ndunge akamfunga kwa leso.

Nje, Kalunde katika maombi yake alikuwa amefika kwenye visima vyote vya Ukambani, anaviombea kimoja kimoja kwa majina.

Ndunge akabonyeza kitufe cha kompyuta, kisha kutoka mlangoni akampungia mkono Kalunde, aliyekuwa akichungulia kwa jicho moja.

"Amina!"

Macho yakafunguka. Kwenye skrini ilikuwa picha ya Nduta, ufa wake umerudi: rangi nyekundu ilikuwa inapanda kutoka chini kabisa, ikapenya ufa, ikatandazika bondeni.

"Hapo si soko letu?" mama mmoja akauliza.

Watu wakainuka. Viti vikaanza kuanguka.

Mutie akavaa kofia yake polepole, akaenda mpaka kontena, akamwinua Dorn kwa ukosi wa shati.

"Bosi, sasa tumemaliza kuomba."

Ndunge akachukua soda moja ya Stoney kwenye kreti ya wageni, akaifungua kwa meno. Ilikuwa ya moto.

"Umenimalizia sauti, msichana wewe," Kalunde akasema kwa sauti ya kukwaruza.

"Pole, Mama Pasta."

Akateremka na pikipiki polepole, akapita katikati ya soko. Mama mmoja alikuwa anapimiwa ndengu, anagomba kwamba gorogoro, kopo la kupimia, haijajaa. Hakuna aliyegeuka kumtazama Ndunge.