Dorcas Hakulia Matangani

Siku bunduki zilipopumzika, mji mzima wa Bunia ulimiminika soko kuu kutafuta chumvi. Kamate alikuwa ameshika kitenge cha manjano chenye maua, mara mkono mwingine ukakishika upande wa pili.

"Acha hicho, kaka. Weye utavaa maua?"

"Nitavaa, kama utanifunga."

Dorcas alicheka hadi muuzaji naye akacheka. Basi, kwisha habari yake Kamate! Kabla mvua hazijakatika, alikwisha kupeleka mbuzi wa mahari.

Kisha mama yake Kamate akafa. Risasi ilitoboa ukuta akiwa jikoni anasonga bugali. Matangani wanawake waligaagaa chini kwa vilio. Dorcas, mchumba wa mwana, alikaa mkekani na kitenge cheusi, macho makavu.

"Ona ule!" shangazi Vahwere alisema, wala hakupunguza sauti. "Mama-mukwe amekufa, hata chozi moja! Utaoa jiwe, Kamate?"

Kamate aliyatazama macho yale.

"Rudi kwenu," akamwambia mbele ya watu.

Dorcas akainuka, akaenda bila kujitetea. Kamate akaona basi, shangazi amesema kweli.

Aliyemfumbua macho ni jirani yao Élise, muuguzi.

"Weye ni mupumbavu kabisa! Dorcas anakuja kwetu ku santé, ku hospitali, tangu masasi, zile risasi za mwezi wa tano. Halali, hakuli. Mutu akiogopa kila siku, homoni za woga hazishuki tena. Na ku bongo kuko kitu inaitwa serotonini, inasaidia roho itulie, nayo inavurugika. Mutu anakauka ndani. Ile si roho mubaya, ni ugonjwa."

Aibu ilimwingia Kamate hadi mifupani. Akapiga telefone palepale.

"Allô, Dorcas?"

"Niko." Sauti haikuwa na hasira. Haikuwa na kitu.

"Nakuja."

Alimkuta uani, nywele hazijasukwa.

"Nisamehe, chérie. Tuoane."

"Kamate, leo sikupendi. Sipendi mutu, hata miye mwenyewe. Mama yako alikuwa ananipenda sana, na siku ile sikusikia kitu. Iyo ndiyo inaniogopesha."

"Élise anasema itapona."

"Na kama haiponi?"

"Nitakuoa vile uko."

Dorcas akanyoosha mkono.

"Kamata, basi. Sisikii kitu, lakini kamata."