Kitenge cha Kapasule

Asubuhi kwetu huanzia kwenye pampu ya maji. Ndoo hupangwa mstari, na wenye ndoo hukaa pembeni wakipiga soga. Mimi, Nankhoma, ndiye niliyekuwa nasikika kuliko wote. Sijivunii. Nasema tu ilivyokuwa.

Mwaka ule neno lilikuwa moja. Je, Bwana Kapasule atagombea urais? Kapasule ni mtu wa huku kwetu Zomba. Alikuwa waziri, kisha akaacha. Kila siku redio ilisema huenda akagombea. Mwenyewe alikuwa bado hajafungua mdomo.

"Agombee!" nilisema. "Nani mwingine aliyetujengea daraja?"

"Agombee na magoti yale?" akauliza Mama Chikondi. "Juzi msibani walimshika watu wawili ndipo akasimama."

"Kwani Ikulu anakwenda kukimbia mbio?"

Wakacheka. Nami nikafurahi, maana nilipenda kuchekesha watu.

Tionge, binti wa miaka kumi na tisa, alikuwa akisubiri kupiga kura yake ya kwanza. "Mimi nataka kwanza nimsikie," alisema. "Kuhusu mbolea atasemaje? Na hivi, dada Nankhoma, kujiandikisha ni wapi?"

"Si vijana wa chama walikuandika juzi? Basi imetosha. Tulia nyumbani."

Hapo akasema Nambewe, jirani yangu. Nambewe ni mjane, anauza mandazi. Mtoto wangu wa kwanza alipokelewa na mikono yake.

"Daraja alijenga, sikatai," alisema. "Lakini kimbunga kilipobomoa nyumba zetu, nani alimwona? Mimi bado sijaamua. Naye mwenyewe hajasema kitu. Tunagombania jina la mtoto ambaye hata mimba yake hatujaiona."

Wanawake wakacheka. Safari hii hawakuchekea maneno yangu. Damu ikanichemka.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo, vijana wa chama cha Kapasule walipita na kitabu kikubwa. Waliandika jina langu, la mume wangu Lifa, na la mama mkwe. Walinakili namba za vitambulisho vyetu. Kisha wakanipa kitenge cha zambarau chenye uso wa Kapasule. Nilicheza ngoma kwenye mkutano wao mpaka kisigino kikapasuka. Nambewe alikuwa amekataa kuandikwa.

"Wewe unaongea kama nani?" nikamwambia. "Wenzako tumeshaandikishwa. Wewe ulikataa. Mtu asiye na kura anyamaze achote maji! Hata marehemu mumeo nadhani alikufa kwa kuchoshwa na mdomo huo."

Hakuna aliyecheka. Aliyekuwa anapiga pampu akaacha. Nambewe alichukua ndoo yake, maji yakiwa nusu, akaenda zake.

Nilijua nimevuka mpaka. Lakini kiburi ni kitu kibaya. "Mwacheni aende," nikasema.

Tulikaa siku sita bila kusalimiana. Ukuta wangu na wake ni mmoja. Nilimsikia akikohoa asubuhi, nami nikajifanya sisikii.

Siku ya saba nilikuwa nachambua maharage uani. Gari lenye kipaza sauti likapita.

"Leo ni siku ya mwisho ya kuandikisha wapiga kura! Kituo ni shule ya msingi. Mwisho saa kumi jioni. Kama huna kadi ya mwaka huu uliyopewa na Tume ya Uchaguzi, hujaandikishwa!"

Nikaacha maharage. "Baba Chifundo," nilimwita mume wangu, "sisi tunazo?"

"Tuna nini?"

"Kadi."

Lifa akanitazama. "Wewe ndiye uliyetuandikisha, mama. Uliziweka wapi?"

Sikuwa na kadi. Nilikuwa na kitenge.

"Kimbia," akasema. "Mimi namleta mama kwa baiskeli."

Nilichukua kitambulisho nikaondoka vile vile nilivyokuwa. Nilifika shuleni saa tisa na robo, jasho linanitiririka. Foleni ilikuwa ndefu. Langoni askari wa kike akaninyooshea mkono.

"Mama, simama hapo. Nguo ya chama haiingii kituoni. Nenda kabadilishe."

Nikajitazama. Kapasule alikuwa anatabasamu tumboni kwangu. Anatabasamu na makalioni. Ndani nilikuwa na gaguro tu. Nyumbani ni mwendo wa dakika arobaini, kwenda peke yake.

Watu kwenye foleni walikuwa wameshaniona.

"Jamani, Kapasule kaja kujiandikisha!" mmoja akapiga kelele.

"Mheshimiwa, gombea basi, tumechoka kusubiri!"

Wakaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Machozi yakanitoka mbele za watu, mimi mama mzima.

Ndipo nikamwona Nambewe. Alikuwa amekaa mlangoni pa darasa, daftari mkononi, beji shingoni. Kanisa lilikuwa limemchagua kuwa mwangalizi wa uandikishaji, na alifundishwa kazi hiyo siku tatu. Sikujua, kwa sababu sikuwa nasemezana naye. Nikainamisha kichwa. Nilisema moyoni, acha acheke, ni haki yake.

Nambewe aliinuka akaja langoni. Akafungua kitenge chake alichojifunga juu ya sketi. Akanizungushia yeye mwenyewe, akakipiga fundo kiunoni kama anayemvalisha mtoto. Kapasule hakuonekana tena.

"Afande, sasa anafaa?" akauliza.

"Anafaa. Apite."

"Nambewe, mimi..."

"Kaa kwenye foleni kwanza. Mengine tutaongea nyumbani."

Alisimama kando yangu kidogo. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Na kile kitabu cha wale vijana?"

"Kile ni cha chama. Wanaorodhesha watu wao. Ukitaka kuandikwa, hiari yako. Ila hakikupi kura. Kwenye daftari la Tume lazima uje mwenyewe na kitambulisho. Hakuna wa kukuandikia. Unapigwa picha, unaweka kidole, unapewa kadi. Kadi hiyo usimwachie mtu yeyote. Baadaye majina yatawekwa hapa hapa. Urudi uangalie kama lako lipo na halijakosewa."

"Na wewe ulijiandikisha lini?"

"Siku ya kwanza."

Kumbe siku ile kwenye pampu alikuwa na kadi yake, nami nisiye na kitu nikamwita mtu asiye na kura.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenisikia?"

Foleni ikasogea, nami nikasogea nayo. Nilipata kadi saa kumi kasoro dakika tano. Lifa na mama walikuwa wamefika kabla ya saa kumi, na aliyekuwa kwenye foleni saa hiyo hakufukuzwa. Wakaandikishwa wote wawili.

Kesho yake nilisimama kwenye pampu. "Nilimtukana Nambewe hapa hapa," nikasema. "Naomba msamaha hapa hapa. Nilimsema hata marehemu mumewe, Mungu anisamehe." Kisha nikawaeleza habari ya kitabu na kadi.

Nambewe akanishika mkono. Lakini Tionge aliiweka ndoo yake chini polepole.

"Dada, kwa hiyo na mimi..."

Nilikuwa nimesahau. Naapa kwa Mungu, jana yake yote sikumkumbuka. Na uandikishaji ulikuwa umefungwa.

Mwezi uliofuata Kapasule alitangaza redioni kwamba hagombei. Mama Chikondi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi pia nilicheka kidogo, nikaenda kutandika kile kitenge chini ya maharage yanayokaushwa. Majina yalipowekwa shuleni, mimi na Nambewe tulikwenda kuyaangalia. Jina la mama mkwe lilikuwa limekosewa, likarekebishwa.

Siku ya uchaguzi nilivaa kitenge cha Nambewe. Nilikuwa nimekifua na kumrudishia, akakataa kukipokea. Tulitoka alfajiri pamoja. Nani atampigia nani, hatukuulizana. Hiyo ni siri ya mtu.

Tulipita kwenye pampu. Tionge alikuwa pale peke yake, na ndoo moja.

"Tionge, mdogo wangu," nikaanza.

"Nendeni, dada," akasema bila kuinua macho. "Mimi sina kura. Ngoja ninyamaze nichote maji."

Nilipiga kura yangu. Uandikishaji mwingine ukifika, mlango wa kwanza nitakaougonga ni wa Tionge.