Mgeni wa Baba

Zawena alipomwaga uji kwa makusudi, Mwadilishi hakupaza sauti. Mashine ile ya shaba, yenye kimo cha mtu mzima, ilipiga magoti mbele ya mtoto, ikasoma mapigo ya moyo wake kwa jicho la kioo, kisha ikatamka kwa upole usioyumba: "Aliyemwaga ndiye afutaye."

Zawena akafuta.

Mhandisi Nasibu Kiluvia alimgeukia mama yake kwa fahari. Bi Tunu alikuwa amewasili Dodoma asubuhi hiyo kwa treni ya sumaku kutoka Kondoa, ajionee uvumbuzi uliosifiwa na jiji zima.

"Hapigi, hachoki, hana hasira," Nasibu alieleza. "Ukali nimemwachia yeye. Mimi nimebaki na mapenzi."

"Umeugawa ubaba kama nyama ya mbuzi," alisema Bi Tunu. "Haya."

Mwadilishi alirudi ukutani kunyonya umeme. Bi Tunu naye akainuka kwenda kunawa, akiburuta mguu wake mbovu. Nyuma yake Zawena akaanza kuburuta wa kwake, akicheka: "Bibi chechemea! Bibi chechemea!"

Nasibu akacheka kidogo, cheko la mtu asiyejua atazame wapi, akamsogezea mtoto sahani ya tende.

"Baba Zawena, umesikia?" aliuliza Bi Tunu, akigeuka.

"Mwadilishi!" Nasibu aliita.

"Nimekuuliza wewe. Sanduku sikuliuliza."

Nasibu akajikaza. "Zawena! Mwombe bibi yako radhi!"

Mtoto alimkodolea macho kana kwamba kiti kimesema. Kisha akatimua mbio, akajificha nyuma ya miguu ya shaba na kuikumbatia.

"Mbona unamkimbia baba yako?" aliuliza Bi Tunu.

"Baba hagombezi. Mwadilishi ndiye hugombeza."

"Kwa nini?"

"Mama Salama wa jirani alisema mgeni hagombezwi, hupewa vitu vizuri tu. Baba hunipa vitu vizuri. Mimi ni mgeni wake." Akaegemeza shavu kwenye shaba. "Kwetu ni huku."

Nasibu alihisi uso ukimwaka. Mikono iliyounda jicho la kioo ilining'inia, haina kazi. Hakuthubutu kumtazama aliyemlea, mama aliyemchapa na kumkanda kwa mkono uleule.

"Mhandisi," Mwadilishi alisema, "mtoto ana huzuni. Kubembeleza ni sehemu yako."

"Nyamaza," Nasibu alijibu, akaufikia ukuta na kuizima mashine. Jicho likafifia. Akapiga magoti sakafuni, pale mashine ilipokuwa imepiga magoti.

"Zawena, njoo umwombe bibi radhi. Usipokuja, nitakufuata."

"Hata nikilia?"

"Hata ukilia."

Zawena alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayejaribu mlango asioujua. Kisha akaanza kulia kwa sauti, akaiachia shaba, akaja.