Kulusum na Moto wa Sigiri

Kila asubuhi mjini Koboko, moshi hupanda kutoka kila ua. Chai inachemka, mihogo inachemka, watoto wananawishwa uso. Kwa Tahiru, fundi wa pikipiki, moshi ulipanda pia. Lakini aliyewasha moto hakuwa mke wake, Kulusum. Alikuwa mama yake Tahiru, Mama Hamdani, na alihakikisha majirani wanamsikia.

"Nimezaa watoto saba," alisema. "Leo napikia mke ya mtoto yangu. Dunia iko mbaya!"

Kulusum alifagia ua. Alichota maji, akafua, akamwogesha binti yake Shakirah, wa miaka mitatu. Alifanya kazi zote isipokuwa moja. Hakuweza kusogelea moto. Akiona sigiri, yaani jiko la makaa, mikono ilitetemeka, jasho lilimtoka na moyo ulimwenda mbio.

Si kwamba hakujua kupika. Pale mtaani hakuna mwanamke wa Kinubi aliyemshinda kwa gurusa, mikate myembamba ya kikaangoni. Lakini miezi mitatu iliyopita alikuwa akikaanga sambusa kwenye arusi. Mafuta yalishika moto, na nguo yake ikashika. Wanawake walimbingirisha chini mpaka moto ukazimika. Mguu ulipona. Hofu haikupona.

Jumatano moja alikuja Hamdani, kaka mkubwa wa Tahiru. Ni sajini mstaafu, na sauti yake bado iko kwenye gwaride. Walikaa kumjadili Kulusum kama sufuria iliyotoboka, naye yupo pale pale, amempakata mtoto.

"Hii iko jini," Mama Hamdani alisema. "Tumtoe na bakhuri."

"Kama si jini, ni uoga," alisema Hamdani. "Sisi watoto ya askari. Askari akiogopa risasi, tunapeleka yeye kwenye risasi. Kwisha!"

Tahiru alitazama mikono yake yenye grisi. Loo! Mwanamume anayefungua injini nzima peke yake alishindwa kufungua mdomo.

Bakhuri, yaani udi wa kufukizia, jamani, ni kitu kizuri. Nguo hufukizwa, bibi arusi hufukizwa, nyumba ikanukia. Hakuna anayegombana na bakhuri. Lakini mtu anaogopa moto, nanyi mnamkalisha juu ya makaa, mnamfunika blanketi na kumwambia avute moshi! Hiyo ni dawa gani?

"Mama, nakuomba," Kulusum alilia. "Moto hapana."

Walimfunika. Hamdani alishika pindo za blanketi ili asitoke. Kulusum hakuona kitu. Alisikia joto tu, tena pale pale mguuni alipoungua. Alipiga yowe, akarusha mateke, makaa yakatawanyika. Kaa moja lilianguka karibu kabisa na mguu wa Shakirah.

Mama Hamdani hakuuliza nani ameumia. Alisema, "Basi, nimechoka. Ijumaa ya wiki ijayo Kulusum narudi Arua kwa ndugu zake. Mtoto nabaki hapa."

Mtoto anabaki! Kulusum alipolisikia neno hilo, machozi yalikauka. Hasira ilimpanda.

Jirani aliingia mbio. Alikuwa Night Poni, mwuza unga wa muhogo kutoka Midia. Yowe lilimkuta uani kwake.

"Nyinyi iko watu ama nini?" alifoka. "Mutu aliumwa na nyoka anashtuka hata akiona kamba. Nyinyi naletea yeye nyoka ingine! Kwa kituo cha afya iko dada moja, Prossy. Kazi yake ni saikolojia. Alisaidia dada yangu. Mupeleke huyu mama!"

"Dada yako alikuwa kichaa," alisema Mama Hamdani.

"Dada yangu alikuwa na huzuni. Nyinyi ndio mulimwita kichaa."

Kulusum alisimama. "Baba Shakirah," alimwambia mumewe, "kesho nakwenda. Ukitaka, njoo. Usipotaka, nakwenda tu."

Tahiru alikwenda. Hamdani naye alikwenda, ati kushuhudia upuuzi.

Prossy alimsikiliza Kulusum bila kumkatiza. Iliposemwa habari ya blanketi, aliweka kalamu chini.

"Nani alifanya hivyo?"

Hamdani alikohoa.

"Afande, mtu akivunjika mguu, unamkimbiza?"

"Hapana."

"Sasa huyu aliumia ndani. Kwa nini ulimkimbiza?"

Prossy akamgeukia Kulusum.

"Wewe si kichaa, mama. Si mwoga pia. Saikolojia ni elimu ya akili ya mtu na matendo yake. Wataalamu wake hawaangalii mtu kwa njia moja tu. Wengine wanaanza na mwili. Moyo wako unakimbia kwa sababu mwili umepata habari ya hatari, na unakuandaa kukimbia. Ukipumua polepole, mwili unatulia. Kuna wengine ambao dawa inawasaidia. Wewe tuanze bila dawa."

"Na hii hofu ilitoka wapi?" Tahiru aliuliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema.

"Alijifunza. Siku moja moto na maumivu vilikuja pamoja, akili ikavifunga pamoja. Kila akikimbia sigiri anapata nafuu kidogo, basi kesho anakimbia tena. Kitu cha kujifunza kinaweza kufundishwa upya. Hata mwalimu akimsifu mtoto kwa kazi nzuri, mtoto anairudia. Ni elimu hiyo hiyo."

"Mimi nikiona moto, nasema tu: leo nakufa," alisema Kulusum.

"Hayo ni mawazo, nayo yanapimwa. Umewasha moto miaka mingapi?"

"Tangu niko msichana."

"Umeungua mara ngapi?"

Kulusum alifikiri. "Mara moja."

"Basi moto unahitaji uangalifu. Hausemi leo unakufa."

Kisha Prossy aliuliza kama zamani, utotoni, kulikuwa na jambo la moto. Kulusum alisimulia jinsi kibanda cha kupikia cha bibi yake kule Aroi kilivyoungua. Yeye alilaumiwa akapigwa, ingawa hakuuwasha moto huo. Hakuwahi kumwambia mtu. Alilia, na safari hii hakuna aliyemnyamazisha.

"Kidonda cha zamani huchochea kipya," alisema Prossy. "Sasa niambie. Wewe mwenyewe unataka nini?"

Kulusum alishangaa. Miezi mitatu hakuna aliyemuuliza hivyo.

"Nataka kupikia mtoto yangu. Na nataka watu wasinishike kwa nguvu tena."

Prossy alimtazama Hamdani. "Afande, kuruta mpya siku ya kwanza unampa bunduki yenye risasi?"

"Wapi! Anaanza na fimbo. Halafu bunduki tupu."

"Huyu mama pia ataanza na fimbo. Hatua kwa hatua, na ni yeye atasema lini hatua ingine."

Hamdani aliinamisha kichwa. "Mimi nilikosa, shemeji," alisema.

Lakini Mama Hamdani hakuwapo kusikia hayo. Ijumaa aliyoitaja ilipofika, begi la Kulusum lilikuwa mlangoni, limefungwa. Shakirah alikuwa ameng'ang'ania mguu wa mama yake. Kulusum alimtazama Tahiru. Safari hii mumewe alifungua mdomo.

"Mama, nakuheshimu. Lakini mke yangu hapana toka hapa. Na hakuna atakayemtenga mtoto na mama yake." Akalirudisha begi ndani mwenyewe.

Wiki ya kwanza Kulusum alikaa karibu na sigiri baridi, akipumua polepole. Halafu alishika kiberiti. Halafu aliwasha njiti moja, akaizima. Siku moja njiti ilimponyoka, akakimbia. Night Poni alikaa naye tu, bila kucheka, mpaka akarudi. Prossy alimfundisha pia kujifunga nguo vizuri awapo jikoni, na kwamba mafuta yakishika moto hufunikwa na mfuniko, hayamwagiwi maji.

Wiki ya saba, makaa ya Kulusum yaliwaka. Alikaanga gurusa. Shakirah alikula tatu.

"Mnaona?" Mama Hamdani aliwaambia Tahiru na Hamdani. "Bakhuri yangu imefanya kazi!"

Kulusum aliweka kikaango chini.

"Hapana, Mama. Bakhuri yako karibu iniue. Wewe ulitaka kuninyang'anya mtoto kwa sababu nilikuwa mgonjwa. Nakuheshimu, lakini hilo lilikuwa kosa, na nataka ulijue."

Mama Hamdani alitafuna gurusa yake polepole. Alitazama mlango, akaona Hamdani na Tahiru wametoka. Ndipo aliposema kwa sauti ndogo, sauti ambayo Kulusum hakuwahi kuisikia.

"Huyo dada Prossy, anapokea wazee pia? Tangu vita, tangu watu ya bunduki walibisha mlango, walimchukua mume yangu mbele yangu, mimi nikisikia mtu anabisha mlango, mwili yote natetemeka. Miaka yote hiyo. Sijaambia mtu."

Kulusum alikuwa bado na hasira, na alikuwa na haki nayo. Lakini alivuta mkeka, akakaa karibu naye.

"Anapokea, Mama," alisema. "Jumanne tutakwenda wawili."